Jabali la Oman kwa Siku Moja: Maji, Saa na Mahali pa Kugeukia

Waswahili wa Maskati wana desturi ya kwenda kutembea Jebel Shams siku za mapumziko: magari mawili matatu, sufuria ya biriani, mkeka, watoto, picha ukingoni mwa korongo, kisha kurudi mjini usiku. Hayo ni matembezi mema wala hayahitaji makala. Haya ninayoyaandika ni ya yule aliyesimama pale ukingoni, akaona kijia chembamba kimejipinda ubavuni mwa genge, akasema moyoni, wiki ijayo nakifuata. Basi wiki hiyo yote iliyobaki ni ya kujiandaa.

Milima ya Hajar imetanda kaskazini mwa Oman, kuanzia Musandam hadi upande wa Sur. Sehemu kubwa ni mwamba mtupu wa chokaa. Hakuna msitu wa kukufunika, wala mto wa kudumu wa kujazia chupa. Jebel Shams hufikia kiasi cha mita 3,000, na chini yake Wadi Nakhr imechimbika kwa kina cha karibu kilomita moja. Njia kadhaa zimepewa nambari na kupakwa alama za njano, nyeupe na nyekundu juu ya mawe. W6, ambayo watalii huiita njia ya roshani, huanzia kijiji cha Al Khitaym na kuambaa na genge hadi As Sab, kijiji kilichohamwa chenye vyumba vya mawe chini ya mwamba na matuta ya mashamba yaliyokauka. Haina mwinuko mkali, humalizika kwa nusu siku, na ndiyo ninayompendekezea kila anayeanza. W4, ya kwenda kilele cha kusini, hupanda karibu mita 1,000 kutoka uwandani. Hiyo ni kazi ya kutwa. Kilele cha juu kabisa ni cha jeshi, hakipandwi, kwa hiyo usijisumbue kutafuta njia yake.

Watu wengi huanza maandalizi dukani, kwa viatu na begi. Mimi nashauri uanze na saa. Aliyekulia Tanga au Mombasa amezoea jua kuzama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, na mazoea hayo humponza Oman. Huku tuko mbali na ikweta. Mwezi wa Desemba, ambao hewa yake ndiyo nzuri kwa safari ya miguu, jua la Maskati huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni. Mchana mzima haufiki hata saa kumi na moja. Ndani ya korongo ni mfupi zaidi, kwani genge hulificha jua mapema, na kijia ambacho asubuhi ulikiona wazi kinageuka rangi moja na mawe yote mengine.

Mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka kanuni mwaka 1892 ambayo bado inafaa: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye kupanda mita 900 inakuwa karibu saa nne. Ila Naismith alikuwa akiwahesabia watu wepesi wa miguu, kwenye njia ya kawaida, bila vituo. Hajar ni mawe yaliyomeguka, makali, yanayocheza chini ya kisigino. Kwa hiyo mimi huongeza nusu: hizo saa nne huziita sita. Kundi likiwa na watoto, au na wale ndugu zetu wasiopita kona bila kupiga picha, nazidisha mara mbili wala sioni haya.

Kutokana na hesabu hiyo unapata kitu muhimu kuliko vyote vilivyomo begini, nacho ni saa ya kugeuka. Tuseme jua linazama saa kumi na moja na nusu, na unataka uwe umelifikia gari saa kumi jioni. Ukianza kutembea saa moja asubuhi, muda wako wote ni saa tisa, na nusu yake inaangukia saa tano na nusu mchana. Saa hiyo ikifika mnageuka, hata kama kilele kinaonekana na mwenzenu anaapa kwamba kimebaki kidogo. Itangazeni mapema, kila mtu asikie, kabla hamjafunga milango ya gari. Ikipangwa kule juu, katikati ya uchovu na ushindani, haitapangwa. Atashinda mwenye sauti kubwa, na mara nyingi huyo ndiye aliyebeba maji machache.

Korongo lina hila ambayo kilele hakina. Anayepanda mlima huchoka akiwa anakwenda, kwa hiyo mwili wenyewe humshauri arudi, na marudio ni mteremko. Anayeshuka korongoni huteremka asubuhi, kuna baridi, miguu mipya, mazungumzo matamu, na kila hatua nyepesi anayoiweka ni deni la kupanda. Deni hilo hulilipa saa saba mchana, akiwa na nusu ya maji aliyokuja nayo, na jua limekaa juu ya mwamba unaolirudisha joto usoni mwake. Tena huko chini ndiko kwenye joto zaidi: kwa kila mita 1,000 unazoshuka, joto la hewa hupanda kama nyuzi sita hivi. Kwa hiyo kanuni ya nusu kwa nusu haifai kwa korongo. Tenga theluthi moja ya muda kwa kushuka, theluthi mbili kwa kupanda, na ugawe maji vivyo hivyo.

Kuhusu maji, kwa mtu mzima anayetembea katika hewa ya baridi, nusu lita kwa saa inatosha kwa kawaida. Jua likikaza, mwili unaweza kutaka lita nzima kwa saa. Siku ya saa nane mwezi Januari ni lita 4, na mwezi Aprili ni lita 6 au zaidi. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo begi la Aprili lina kilo sita za maji kabla hujaweka hata tende. Uzito huo ndio utakaokuambia kama njia uliyoichagua inakufaa. Asiyeweza kubeba maji ya njia hiyo aifupishe njia, asipunguze maji. Kuanzia Mei hadi Septemba jibu langu kwa anayeulizia makorongo ya chini ni fupi: usiende. Juu ya Jebel Akhdar, penye mita 2,000 hivi, hata Juni kunapitika alfajiri, lakini kwa mwendo wa kumalizika kabla ya saa nne asubuhi.

Usitie maji yote katika chombo kimoja. Chupa ya plastiki hupasuka, mpira wa mfuko wa maji huvuja begini bila wewe kujua, na mtu huja kugundua mgongo umelowa wakati kilichobaki ni mafunda mawili. Gawa kwenye vyombo vitatu au vinne. Acha dumu jingine garini kwa ajili ya kurudi. Mifereji ya falaj utakayokutana nayo karibu na vijiji si ya kuitegemea katika hesabu. Maji yake yana zamu na wenyewe, hukata, na mbuzi hunywa humo humo. Wala usioshee miguu kwa sabuni kwenye mfereji ambao chini yake kuna mtu anamwagilia mitende.

Maji matupu nayo yana hatari yake, na hili wengi hawaliamini. Mtu anayetoka jasho kutwa na kunywa maji tu, lita juu ya lita, huipunguza chumvi katika damu, akaanza kuumwa kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, na wenzake wakidhani ni kiu wakamwongezea maji. Dawa ni kula kitu cha chumvi kila baada ya saa moja na kubeba paketi za ORS, zile zile wanazopewa watoto wanaoharisha. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, ndio mchanganyiko unaofahamika zahanati zote za Afrika Mashariki. Changanya nyumbani. Kule juu hakuna atakayepima sawasawa.

Kipimo cha kujijua ni mkojo. Ukifanana na chai ya rangi umechelewa kunywa, na kama tangu asubuhi hujahisi haja kabisa, umechelewa zaidi.

Joto humshika mtu kwa hatua. Kwanza kichwa kinauma, misuli inakaza, jasho linamwagika, kichefuchefu. Huyo mtie kivulini, mpe maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, inua miguu yake, na safari yake ya siku hiyo imekwisha hata akisema yuko sawa. Hatua ya pili ni ya kufa na kupona: anapepesuka, anajibu mambo yasiyoulizwa, anagombana bila sababu, mwili unawaka. Huyo hangojewi. Mlaze kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma, huku mwingine akitafuta mtandao wa simu. Asiye na fahamu timamu asinyweshwe kitu. Na maji ya kummwagia yatoke kwa kila mtu, hata ya akiba. Ndiyo kazi yake.

Adui mwingine wa wadi, yaani bonde la mto mkavu, ni maji yenyewe. Mwamba wa chokaa ulio uchi haunyonyi mvua. Tone likianguka linaanza kuteremka, na matone ya mlima mzima hukutana kwenye korongo moja ambalo upana wake wakati mwingine ni wa mikono miwili iliyonyooshwa. Wewe uko chini, anga ya bluu juu ya kichwa chako, kumbe imenyesha kilomita ishirini huko nyuma ya mgongo wa mlima. Aprili 2024 watoto wa shule walikufa gari lao lilipochukuliwa na maji ya wadi huko Samad al Shan. Na msidhani ni jambo la Uarabuni tu. Katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliua watu waliokuwa wakitembea mwaka 2012 na tena 2019.

Kwa hiyo taarifa ya hali ya hewa isomwe usiku wa kuamkia safari na isomwe tena alfajiri, na isomwe ya milima yote inayomwaga maji kwenye wadi yako, si ya mji uliolala. Kukiwa na onyo la mvua, badilisha njia: nenda ya ukingoni, achana na korongo; likiwa la ngurumo, usiende ukingoni wala kileleni pia. Ngurumo za mchana huzuka juu ya Hajar hata wakati wa kiangazi, jambo ambalo wageni hawalitarajii. Ukiwa ndani, tazama kuta. Takataka za majani na vijiti zilizonasa kwenye matawi juu ya kichwa chako zinakuonyesha maji yalifika wapi mara iliyopita. Kila unapopita mahali pembamba, kwanza jiulize ni wapi ungepanda kama ingebidi. Maji yaliyokuwa safi yakigeuka tope, au ukisikia mngurumo ambao si wa gari wala ndege, panda ubavuni saa hiyo hiyo, juu ya alama ya takataka. Usikimbie kufuata bonde, maji yana mbio kuliko wewe. Begi liache. Na ukirudi ukakuta wadi imekata barabara, ngoja. Kwa kawaida maji hupungua baada ya saa chache, na kuyavuka na gari yakiwa bado yanakwenda kasi ni kosa kisheria Oman mbali ya kuwa ni ujinga.

Mavazi na viatu sitavikalia sana. Shati jepesi la mikono mirefu, suruali pana inayokauka haraka, kofia ya ukingo mpana au kilemba cha kujifunika hadi shingoni. Akina dada wanaovaa buibui wanajua wenyewe kwamba pindo refu na mawe makali havipatani. Kanzu fupi ya magotini juu ya suruali inastiri na inaruhusu kupanda. Njia nyingi hupita vijijini, hivyo kaptura si adabu kwa mwanamume wala mwanamke. Viatu viwe na soli ngumu, vimevaliwa wiki kadhaa, na vikubwa kidogo, maana kwenye mteremko vidole husukumwa mbele na kucha huwa nyeusi. Kata kucha siku moja kabla. Beba sweta hata kama Maskati mmeacha joto, kwa kuwa usiku wa Januari Jebel Shams hushuka hadi sifuri na upepo wa ukingoni hauna huruma. Bakora, ile ile ya wazee, inafaa kuliko watu wanavyodhani: huyapumzisha magoti wakati wa kushuka na hugonga majani kabla ya mguu. Nyoka wenye sumu wapo na nge wapo, na wengi wanaoumwa ni wale waliotia mkono kwenye tundu au juu ya jiwe wasiloliona.

Chakula kiwe kikavu na chenye chumvi: tende, karanga, korosho, mkate wenye jibini, mayai ya kuchemsha. Halua ni tamu mno kwa kiu ya mchana, iacheni garini pamoja na birika la kahawa, mtaifurahia zaidi jioni.

Sala zipangeni kabla ya kuondoka, kwa sababu zinaingia kwenye hesabu ya saa. Aliyetoka Maskati hadi Jebel Shams ni msafiri na ana ruhusa zake. Mwulize shekhe wako namna ya kupunguza na kuchanganya. Jambo moja watu huona haya kulifanya: maji ya begini yakiwa ni ya kunywa na yakihofiwa kutotosha, tayamamu ipo kwa ajili hiyo hasa. Nimewaona watu wakitawadha kwa maji ambayo saa mbili baadaye waliyatamani.

Mazoezi hayahitaji ukumbi. Kwa mwezi mmoja panda na kushuka ngazi ukiwa na begi lenye chupa za maji, ukianza na kilo tatu. Maskati kuna njia ya zamani ya punda kati ya Riyam na Mutrah, fupi, yenye mawe. Ipite mara kadhaa alfajiri na viatu vyako vitasema kama vinakufaa. Walioko Nairobi wana Longonot na milima ya Ngong. Magoti yanayouma baada ya kushuka Longonot yatauma zaidi hapa.

Msiwe chini ya watatu: mmoja akiumia, wa pili akae naye, wa tatu aende kutafuta msaada. Mwendo ni wa anayekwenda polepole kuliko wote, naye awekwe mbele, asiachwe nyuma akihema peke yake. Kama ni njia ya kamba, kama ile ya Snake Canyon karibu na Balad Sayt, mkodisheni mtu anayeijua. Huko si mahali pa kujifunzia kwa video. Kila mtu abebe tochi ya kichwani hata kama mnakusudia kurudi saa nane mchana, pamoja na filimbi. Milio sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha sita tena, ni wito wa msaada unaoeleweka kwenye milima ya nchi nyingi. Simu haitashika ndani ya korongo, kwa hiyo pakua ramani nyumbani, izime mitandao, na beba betri ya akiba.

Barabara pia ni sehemu ya safari. Kutoka Maskati hadi Jebel Shams ni karibu saa tatu za gari, na kwenda Jebel Akhdar polisi wa kizuizi cha Birkat al Mouz hawapitishi gari lisilo la kuendesha magurudumu yote manne. Aliyeamka saa tisa usiku kuendesha, akatembea saa nane, kisha akashuka mlima usiku na usingizi machoni, yuko hatarini zaidi kwenye usukani kuliko alivyokuwa gengeni. Laleni Nizwa au Al Hamra usiku wa kuamkia safari, au mchague dereva ambaye hatapanda.

Mwisho, mwachie mtu ujumbe wa maandishi: njia gani, gari gani na limeegeshwa wapi, mko wangapi, na saa ambayo asiposikia kutoka kwenu apige 9999. Mchague mtu mwenye wasiwasi. Mama au mke anafaa kuliko rafiki wa barazani. Na mkishafika garini salama, mpigieni huyo kwanza kabla ya kufungua halua, asije akawaamsha polisi wa Oman wakapande mlima usiku kuwatafuta watu ambao wako njiani kurudi Maskati.